Uso Nilioukwangua

Mimi ni mtu wa wasiwasi, afadhali mlijue hilo mapema. Nikifunga mlango hurudi mara mbili kushika kufuli. Nikizima jiko hutembea hatua tatu, halafu narudi kulitazama kama kweli limezimika. Wajukuu hunicheka, wanasema siku nitakayofika mbinguni nitaomba ruhusa nirudi kuangalia kama nimefunga kaburi. Wacheke tu. Wasiwasi huu nilizaliwa nao kidogo, mwingine niliupata kazini, na leo nataka kuwaambia ninyi vijana mnaopenda picha niliupata wapi.

Juzi mjukuu wangu Wairimu alikuwa ameketi hapa barazani na simu yake. Akajipiga picha. Akapitisha kidole shavuni, chunusi zikaondoka. Akapitisha tena, kivuli cha pua kikaondoka. Kazi iliyokuwa ikinichukua asubuhi nzima aliimaliza kabla chai yangu haijapoa.

"Na ile ya kwanza iko wapi?" nikamwuliza.

"Ile gani, shosho?"

"Ile iko na chunusi."

"Si nimedelete. Ya nini sasa?"

Niliweka kikombe changu chini. Yeye hakuona kitu, aliendelea kutabasamu na simu. Basi ngojeni niwaeleze kwa nini neno dogo kama lile linaweza kunikosesha usingizi.

Studio ilikuwa ya Mzee Kimotho, hapa Kitengela, kando ya barabara ya kwenda Namanga, wakati mji ulikuwa na vumbi na pundamilia wengi kuliko nyumba za mawe. Yeye alipiga picha. Mimi nilikaa nyuma, kwenye meza ya dirishani, nikirekebisha nyuso. Watu waliniita Mama Penseli, na wengi hawakujua kwamba jina langu ni Mama Njeri. Wateja wetu walikuwa wasichana waliofanya kazi viwandani Athi River, maharusi, wachungaji wa makanisa, wauza ng'ombe, na yeyote aliyetaka kutuma picha nyumbani ionyeshe kwamba mambo yake si mabaya.

Kila mmoja alikuja amejipaka mafuta mpaka paji la uso likang'aa kama sufuria mpya. Ukiongeza taa zetu mbili, ambazo Mzee Kimotho alizinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga duka na zilikuwa kali kama mama mkwe, unapata picha yenye paji jeupe, pua nyeupe, na macho yaliyozama gizani. Chukueni hili bure: kabla hujampa mteja kiti, mpe kitambaa ajifute. Kisha tundika shuka jeupe upande wa kivuli, lirudishe mwanga kidogo usoni. Shuka moja lililotundikwa vizuri liliniokolea penseli nyingi.

Miaka hiyo ya tisini tulikuwa bado tunatumia kamera kubwa ya zamani. Filamu moja ilitoa picha kumi na mbili, na kila negativu ilikuwa na upana wa kiganja cha mtoto. Hapo ndipo nilipofanyia kazi, juu ya filamu yenyewe, kabla picha haijasafishwa kwenye karatasi. Na katika negativu dunia imegeuzwa. Kilicho cheusi usoni kinaonekana cheupe, na kinachong'aa kinaonekana cheusi. Kwa hivyo mkunjo, chunusi, au weusi wa chini ya macho ni mahali palipo wazi kwenye filamu. Unapaka dawa nyepesi inayonata, halafu unapajaza kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, kwa vialama vidogo vidogo kama koma, mpaka palingane na ngozi ya jirani. Kinachong'aa kupita kiasi ni kinyume chake. Hapo filamu ni nyeusi mno, na dawa yake ni kisu. Unakwangua kidogo kidogo, umeshika pumzi, ukiomba lori lisipite barabarani likatikisa meza.

Mzee Kimotho alinifunza kwa mwaka mzima kabla hajaniachia kisu. Alikuwa mtu wa Murang'a, mpole, mwenye tabia ya kusema neno moja na kukuacha nalo wiki nzima.

"Penseli inasamehe, Mama Njeri," aliniambia. "Kisu hapana."

Kusamehe kwa penseli nilikujua mapema. Kuna bwana harusi mmoja wa kutoka Isinya aliyerudi na picha yake akiwa amenuna, ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya. Nilikuwa nimeona giza dogo kwenye shavu la bibi harusi, nikadhani ni kivuli kibaya cha taa, nikalijaza vizuri sana.

"Mama," akasema, "hii shimo ya shavu ndiyo ilifanya mimi nipeleke ng'ombe kwao. Sasa wewe umepeleka wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Kimotho alicheka mpaka akakaa chini. Alichukua pamba, akaitia tapentaini, akaifuta ile negativu polepole, na kile kishimo kikarudi kama kilivyokuwa. Tukasafisha picha nyingine, bwana harusi akaenda zake akiwa na mke wake kamili. Mimi nilipata funzo, ila nilipata lile lisilo sahihi. Nilifikiri kila kosa lina tapentaini yake.

Sasa nije kwa Mzee Gedi.

Mzee Gedi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Familia yao ilitoka Garissa zamani, na binti yake Fardosa alikuwa na duka la vitambaa, milango mitatu kutoka studio. Alikuwa mzee mrefu, ndevu zimetiwa hina, na usoni alikuwa na kovu. Lilianza juu ya nyusi ya kushoto, likaruka jicho, likashuka mpaka kwenye mfupa wa shavu. Lilikuwa jeupe na laini, na taa ilipoligusa liliwaka kama mstari wa chaki. Kila mtu Kitengela alijua hadithi yake: alipigwa teke na ngamia akiwa kijana. Alipenda kuisimulia, na kila mara ngamia yule aliongezeka ukubwa.

Fardosa alimleta apigwe picha ya kutundikwa dukani. Mzee Kimotho alimpiga mara mbili, kama alivyompiga kila mtu. Hiyo ilikuwa sheria yake. Ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilikuwa ovyo: macho nusu yamefumba, paji linang'aa, kovu linapiga kelele. Kesho yake akapata habari za msiba, akasafiri kwenda Murang'a, akaniachia ile filamu.

Hakuna aliyeniambia niondoe kovu. Fardosa hakuniambia, mzee mwenyewe hakuniambia. Nililiona pale kwenye filamu, mstari mweusi unaokata uso mzuri, na nikasema moyoni nitamfanyia mzee huyu hisani. Kwa kuwa liling'aa, penseli haingefaa. Nilichukua kisu. Nilikwangua siku mbili, halafu nikalainisha mikunjo kwa penseli, nikatoa mifuko ya chini ya macho. Nilipomaliza nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa wilaya. Ile negativu ya pili, ile ovyo, niliikata nikaitupa kwenye kikapu cha takataka.

Fardosa alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. "Baba amekuwa kijana!" akasema. Akaitia fremu ya dhahabu, akaitundika juu ya majora ya vitambaa. Mzee Gedi mwenyewe aliitazama kwa muda mrefu, ameegemea fimbo yake.

"Kijana mzuri huyu," akasema. "Lakini hii hajawahi chunga ngamia."

Tukacheka sote. Mimi nilicheka kuliko wengine.

Mzee Kimotho aliporudi alipita dukani, akaiona. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. "Ulimwuliza?" akasema. Nikamjibu kwamba wamefurahi sana. Akaniambia, "Hiyo sijauliza," akaenda kumwaga dawa kuukuu. Hatukulizungumza tena.

Miaka ikapita. Kompyuta ikaja, nikajifunza kubonyeza nilipokuwa nikichora. Mzee Kimotho aliniachia studio, akarudi kwao Murang'a, na baadaye akatangulia mbele za haki. Chumba cha giza kikawa mahali pa kuweka mifagio. Negativu zote zilikaa rafuni kwenye mikebe ya biskuti, na mimi kila mwezi nikisema nitazipanga.

Na Mzee Gedi akaanza kusahau. Kwanza alisahau bei. Halafu akasahau njia ya msikitini, akawa anasindikizwa. Halafu akaanza kumwita Fardosa kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Siku moja ya soko aling'ang'ania apelekwe Kajiado akaone mifugo, na huko, katikati ya watu na vumbi na mbuzi, waliomsindikiza walimgeukia wakakuta hayupo.

Walimtafuta siku mbili wenyewe. Siku ya tatu Fardosa aliingia studio amebeba ile fremu ya dhahabu kifuani.

"Mama Njeri, nitolee karatasi nyingi. Andika juu Amepotea. Weka namba yangu ya simu."

Nilifanya upesi. Niliiingiza ile picha kwenye kompyuta, nikaandika maneno, mashine ikaanza kutoa. Vijana wa ukoo wao wakazibeba wakazibandika Isinya, Bisil, Namanga, upande wa Kona Baridi, mpaka kwa madereva wa malori ya ng'ombe wanaokwenda Rombo, kule mpakani. Nilijiona nimesaidia.

Siku ya nne asubuhi akarudi kuchukua nyingine. Mashine ikawa inatoa, yeye amesimama kando yake, simu iko sikioni, anazungumza na askari wa Kajiado.

"Ni mrefu," alikuwa anasema. "Ndevu nyekundu. Na iko na alama hapa usoni, kubwa, hawezi kosa kuonekana. Ilikuwa teke ya ngamia."

Nilikuwa nimeshika karatasi iliyotoka wakati huo huo, bado ina joto. Nikaitazama. Uso laini. Nyusi nzima. Shavu kama la kijana wa miaka arobaini.

Sijui kama mmewahi kusikia damu yenu ikishuka miguuni. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini alikuwa amechoka, macho mekundu, akaniambia, "Mungu akubariki, Mama Njeri," akazikusanya zile karatasi, akatoka nazo. Na mimi nilimwacha aende nazo.

Hilo ndilo ninalojilaumu mpaka leo, zaidi hata ya kisu. Nilijiambia nitamweleza nikishakuwa na dawa mkononi. Labda ilikuwa penseli, nikawaza. Miaka imepita, huenda sikumbuki vizuri. Kama ni penseli, nitachukua tapentaini, nitafuta, kovu litarudi, na nitampelekea picha mpya kabla hajagundua kitu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami siku hiyo nilikuwa nauficha kwa mikono yote miwili.

Nilifunga mlango wa studio mchana kweupe, nikashusha mikebe. Nilitafuta mpaka vidole vikawa vyeusi. Negativu ya Mzee Gedi niliipata katika mkebe wa saba, nikaikimbiza dirishani. Ilikuwa kisu. Palipokuwa na kovu palikuwa pamekwanguliwa mpaka filamu ikawa nyembamba, na nilijua mkono wangu kama mtu anavyojua mwandiko wake. Nilipaka tapentaini hata hivyo. Mikunjo ya mzee ikarudi, mifuko ya macho ikarudi. Kovu halikurudi. Lingerudi kutoka wapi?

Nikakumbuka ile ya pili. Nikakumbuka na kikapu. Nilikaa sakafuni katikati ya negativu za watu, nikalia. Nilimwona mzee wa watu analala nje mahali fulani penye baridi, na mimi ndiye niliyemvika uso wa kumficha.

Nilipoinuka kurudisha mikebe ndipo nilipouona mmoja nyuma kabisa ya rafu, umefungwa kwa utepe wa mpira, juu yake karatasi yenye mwandiko wa Mzee Kimotho: NYUSO ZA WENYEWE. Nikaufungua. Ndani mlikuwa na takataka zangu. Miaka yote ile, kila negativu niliyoitupa kwa sababu ni ovyo, mtu aliyefumba macho, aliyenuna, aliyeng'aa, yule mtu mpole alikuwa akiinama kwenye kikapu jioni, anaiokota, anaipangusa, anaitia bahasha, na kuandika jina. Hakuwahi kunilaumu. Nilitafuta herufi G. Gedi alikuwepo. Macho nusu yamefumba, kovu zima.

Nilitoa mifagio kwenye chumba cha giza. Karatasi za picha na dawa zilizobaki zilikuwa kuukuu, picha ikatoka ya kijivu, chafu, haina uzuri wowote. Niliibeba ikiwa bado imelowa, nikaenda dukani kwa Fardosa, nikamwambia yote. Sikumficha kisu, wala kikapu, wala ile asubuhi niliyomwacha aondoke.

Aliitazama fremu ya dhahabu. Akaitazama ile ya kijivu. Akaziweka kando kwa kando mezani.

"Siku mbili," akasema mwishowe. "Siku mbili nimezungusha uso ya mtu mwingine. Na asubuhi ulikuwa unajua."

"Nilijua. Nisamehe."

"Na mimi je?" Sauti yake ikavunjika. "Hii picha nimeiangalia kila siku hapa. Mimi ni binti yake na sikuona kitu imetoka. Enda utoe zingine, Mama Njeri. Enda upesi. Kukuchukia nitakuchukia baadaye."

Nilitoa mpaka mashine ikapata moto. Vijana wakaondoka nazo tena, barabara zile zile, wakibandua uso wangu na kubandika wake.

Siku mbili nyingine zilipita. Sikula cha maana. Siku ya pili alasiri nilikuwa nimekaa kwenye kibao nje ya duka la Fardosa, hasemi nami lakini hajanifukuza, simu yake ikalia. Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa Kimaasai, anazungumza kwa sauti kubwa hata nikamsikia.

"Sopa. Mimi niko hapa Rombo. Hii mzee ya karatasi mpya, yenye alama, iko hapa. Iko mzima. Tumekuwa tunampa maziwa."

Fardosa alitoka mbio mpaka kwenye kibao changu. Alinipa mimi simu. Nikamwuliza yule mama kama Rombo karatasi za kwanza hazikufika.

"Ilifika," akasema. "Ilibandikwa hapo kwa ukuta ya posho mill, pale wanasaga unga. Na mzee alikuwa anakaa hapo hapo chini yake, kila siku, kwa kivuli. Tukaangalia karatasi, tukaangalia yeye. Tukasema, woi, hapana. Huyu si huyu."

Kumbe mzee alipanda lori la ng'ombe pale Kajiado akidhani linaenda kwao. Walimleta kesho yake, amekonda, miguu imevimba, lakini hai. Fardosa alitimiza ahadi yake ya kunichukia. Alipita mbele ya studio mwezi mzima bila salamu.

Halafu asubuhi moja aliingia amemshika babake mkono. Alikuwa na ile fremu ya dhahabu na ile picha ya kijivu, zote mbili.

"Mpige mpya," akaniambia. "Na usiguse."

Nilimketisha mzee. Nilimpa kitambaa, lakini hakujua cha kufanya nacho, akakikunja akakitia mfukoni. Nikatundika shuka jeupe. Fardosa alikuwa ameziegemeza zile picha mbili kwenye kiti mbele yake, na mzee akawa anazitazama. Binti yake alimwinamia, akanyoosha kidole kwenye ile nzuri.

"Huyu nani, Baba?"

Mzee aliitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni. Akatikisa kichwa.

"Na huyu?"

Aliitazama ile ya kijivu. Mkono wake ulipanda polepole mpaka usoni, kidole kikapata mwanzo wa kovu juu ya nyusi, kikaruka jicho, kikashuka mpaka shavuni. Mwaka ule hakujua jina la binti yake, wala jina la mji aliomo, wala alikula nini asubuhi. Lakini alitabasamu.

"Adei," akasema.

Nilimwangalia Fardosa nijue ni jina la nani. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio.

"Ni ngamia," akaniambia. "Ile ilimpiga teke."

Nilirudi nyuma ya kamera kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka uso wangu. Nilimpiga mara mbili, kama sheria ya Mzee Kimotho ilivyotaka.